Kuazima Kanuni za Mchezo

Mali ni za namna mbili. Iko mali ambayo mtu akiichukua mwenziwe hubaki mikono mitupu, kama shuka au ng'ombe. Na iko mali ambayo hata wakiichukua watu elfu mwenyewe hapungukiwi, kama moto wa taa uwashao taa nyingine. Kanuni za mchezo ni za namna ya pili. Nataka kusema neno juu ya kuziazima, maana jambo hili limefika Mbagala, katika wilaya ya Temeke, hata nyumbani mwangu.

Bao ni mfano wetu wa karibu. Lina mashimo 32 na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akazinamua moja moja mpaka ziishe; katika bao la kujifunza kila shimo hutiwa kete mbili, na mtaji huanza papo hapo. Malawi nako mchezo wa jamaa hiyo huchezwa. Sijapata kusikia baraza lililodai baraza jingine malipo kwa sababu ya kubadili kanuni.

Mchezo ulioingia nyumbani mwangu ni wa ng'ambo. Watu huketi mezani; mmoja husimulia, wengine kila mmoja huvaa nafsi ya mtu wa kubuni, na dadu huamua lililo la bahati. Ule mashuhuri, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Mpwa wangu aliupenda, lakini majoka na mapango hayakumkaa moyoni. Akaweka bahari, majahazi, majini na wachuuzi wa samaki wa Feri. Na mahali pa hesabu ya dhahabu akaweka hesabu ya imani ya majirani, kwa kuwa mtaani kwetu asiyeaminiwa hakopeshwi hata unga. Kisha akaniuliza, "Mjomba, nikikitoa kwa Kiswahili nitakuwa mwizi?"

Swali hili lina majibu mawili. Mapatano ya mwaka 1994 juu ya mali ya akili, chini ya Shirika la Biashara Duniani, ambalo Tanzania ni mwanachama, hulinda maneno yaliyoandikwa, wala hayalindi wazo wala njia ya kutenda. Kwa hiyo, kurusha dadu na kujumlisha ni halali ya kila mtu; lakini kutafsiri kitabu cha mwingine, au kunakili picha zake, kwataka ruhusa.

Ruhusa hiyo yaweza kutolewa kwa wote mara moja, kwa maandishi, nayo ndiyo iitwayo leseni huria. Kampuni ya Wizards of the Coast ilitoa moja mwaka 2000, na watu wengi wakajenga kazi zao juu yake. Januari 2023 ikajulikana kuwa kampuni yataka kuiondoa. Wachezaji walipiga kelele. Na tarehe 27 ya mwezi huo kampuni ikaziweka kanuni zake, kurasa zipatazo 400, chini ya leseni ya Creative Commons isiyoweza kutanguliwa. Sharti lake ni dogo: mtaje aliyekupa, useme ulichobadili. Hapo twajifunza kuwa hisani isiyo na ahadi ni nyumba juu ya kiwanja cha mtu. Na ahadi ni deni.

Basi nilimwambia mpwa wangu atafsiri kutoka katika kurasa hizo, si katika kitabu alichonunua. Likabaki swali zito zaidi: kazi yake mwenyewe aifunge au aifungue? Aliogopa kuwa wenye fedha wataichukua wakaiuze, yeye akabaki na sifa tupu. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Kijana wa Mbagala hana wakili. Lakini iko leseni nyingine ya Creative Commons imlazimishayo kila abadilishaye kuiachia kazi yake kwa masharti yale yale. Haimzuii tajiri kuuza. Humzuia kufunga mlango aliopitia.

Hiyo ndiyo niliyomshauri. Aliyekuta mlango wazi haimpendezi kuukomea nyuma yake; na kama wazee wa bao wangalikomea wao, mabaraza ya Temeke yangalikuwa na mazungumzo bila kete.