Picha Irudi kwa Mwenyewe

Walimu kadhaa na vijana wa nyumba zetu wametuuliza ni kamera gani iwafaayo kununua, maana hutuona tukipita na mfuko wetu njiani, sokoni na arusini. Sisi si mafundi wa kazi hiyo. Riziki yetu twaipata kwa kazi nyingine, na kupiga picha ni furaha yetu ya jioni na ya siku za mapumziko. Hata hivyo tumeifanya miaka mingi katika wilaya hizi mbili, Mbulu na Hanang, nasi twapenda kuwajibu wote pamoja. Jibu letu laanza na swali: Picha utakayopiga itarudi kwa nani? Ukijua hilo, utajua na kamera ya kununua.

Twauliza hivi kwa sababu ya mambo ya zamani. Kamera zilifika nchi yetu pamoja na wasafiri, maofisa na wamisionari. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walipiga picha nyingi, nazo zimehifadhiwa vizuri Ujerumani. Siku hizi nyingi katika hizo zaweza kutazamwa kwa kompyuta, hata na mtu aliye huku kwetu. Ni hazina kubwa: nyumba, mashamba, shule za kwanza, mavazi yasiyovaliwa tena. Lakini atazamaye ataona na jambo la kusikitisha. Mara nyingi jina la mgeni limeandikwa, na wenyeji waliosimama kando yake hawakuandikwa majina. Watu wale wana wajukuu na vitukuu walio hai, wala hao hawajui kwamba sura ya babu yao imo kabatini ng'ambo ya bahari.

Lilinganisheni hilo na duka la picha la Unguja liitwalo Capital Art Studio, alilolifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi baada yake. Huko mtu aliingia kwa hiari yake, amevaa nguo zake nzuri, akaketi, akalipa, kisha akachukua picha yake akaenda nayo kwao. Picha ilikuwa ya mwenyewe. Kamera ya duka na kamera ya msafiri huenda zilifanana. Tofauti ilikuwa njia iliyoshikwa na ile karatasi ilipokwisha kuchapwa.

Huku kwetu jambo hili tulifundishwa na mzee mmoja Mdatoga, karibu na ziwa Balangida. Tulimwomba ruhusa ya kumpiga picha pamoja na ng'ombe wake. Akatutazama, akasema, "Wanangu, wageni wengi wamechukua sura yangu. Nimewahesabu hata nimechoka. Hakuna aliyerudi. Ninyi nanyi mtaipeleka wapi?" Tukamwambia kwamba tutamletea karatasi, naye akakubali, lakini kwa uso wa mtu asiyetumaini. Baada ya majuma matatu tulirudi. Aliishika ile picha kwa mikono miwili, akaigeuza, akaona maandishi nyuma yake, akauliza yasema nini. Tukamsomea: jina lake, jina la baba yake, mahali, na tarehe. Akamwita mjukuu wake asomaye shule, akamwamuru ayasome tena kwa sauti, na mara ya tatu tena. Tangu siku ile tumekaribishwa pale kama watu wa nyumbani.

Basi, tuje kwenye vyombo. Kamera yetu tuliinunua imekwisha kutumiwa na mwingine. Ina nukta milioni 12, na vijana hutucheka, kwa kuwa wameona matangazo ya simu zenye nukta milioni 50 na zaidi. Na wapige hesabu pamoja nasi. Picha ya kawaida ya kuwekwa katika albamu ina inchi 4 kwa 6. Mchapaji mzuri huweka nukta 300 katika kila inchi. Basi upande mmoja una nukta 1,200 na upande wa pili 1,800. Ukizizidisha utapata 2,160,000, yaani milioni mbili na kidogo. Kamera yetu ya zamani ina nukta mara tano ya hizo na zaidi, nazo zatosha hata kwa picha ya kutundikwa ukutani. Anayekopa fedha ili aongeze nukta ambazo karatasi haitazihitaji amejitwika mzigo bure.

Lenzi tunazo mbili. Moja ni ile iliyokuja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, nayo hutufaa kwa watu wengi waliosimama pamoja, kama siku ya arusi au ya kipaimara. Ya pili ni ya milimita 50 isiyosogezwa mbele wala nyuma, yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga, lile liandikwalo f/1.8. Ni nyepesi, tena bei yake ni ndogo kuliko lenzi nyingi, na ndani ya nyumba yenye dirisha moja huona vizuri pale ambapo ile ya kwanza huona giza. Lenzi ndefu, ile ya kumvuta mtu kutoka mbali, hatuna wala hatuitamani. Yafaa kwa ndege wa ziwani na viboko wa Basotu. Lakini ampigaye mtu kutoka mbali mara nyingi hakumwomba ruhusa, na asiyeombwa ruhusa hajulikani jina. Na asiyejulikana jina, picha yake itarudije?

Je, simu haitoshi? Yatosha kwa mengi, mchana na mahali penye mwanga. Hatari ya simu iko kwingine: huibwa, huanguka majini, huuzwa, na picha zote za nyumba huondoka pamoja nayo. Kwa hiyo twawashauri wenye fedha kidogo wasinunue kamera. Na wabaki na simu waliyo nayo, na fedha ile waitumie kuchapisha picha.

Nchi yetu yenyewe humfundisha mpiga picha. Saa sita mchana jua liko utosini, na macho ya mtu huonekana kama matundu meusi. Twapiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Tukilazimika kupiga mchana, humketisha mtu mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, uso wake ukielekea nje. Mwanga uingiao mlangoni ni mpole, na giza la nyuma yake humtenga vizuri. Jambo lingine: mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, kamera hudanganyika na weupe ule na kuutia uso giza. Dawa yake ni kuiamuru kamera iongeze mwanga hatua moja, ama kumgeuza mtu anga lisiwe nyuma yake. Kabla ya kulaumu chombo, jaribu hayo.

Huku Mbulu, mwezi wa Juni na Julai, ukungu hukaa juu ya vilima na baridi ni kali. Kamera iliyolala baridini, ikiingizwa ghafula katika nyumba yenye moto, lenzi yake hushika umande. Sisi huifunga katika mfuko wa nailoni tungali nje, na kuiacha humo mpaka ipate joto. Betri nayo hulegea upesi kwa baridi, hivyo ya akiba twaiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Tukishuka kwa Dareda na kuelekea Hanang, adui ni mwingine. Wakati wa kiangazi maji ya Balangida hurudi nyuma na kuacha chumvi, na upepo huchukua vumbi lake. Huko hatubadilishi lenzi hata mara moja. Twachagua moja asubuhi na kukaa nayo kutwa.

Jioni, kazi huwa ya daftari. Kila picha hupewa namba, na mbele ya namba twaandika jina la mtu, mahali, siku, na nani aliyeahidiwa nakala. Kazi hii haina raha kama kupiga, lakini wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kisha twaweka picha mahali pawili: kompyuta ya nyumbani, na chombo kidogo cha kuhifadhia kilicho kwa ndugu yetu akaaye mji mwingine. Watu walituona tumezidi. Baadaye hawakusema hivyo tena, nasi tutawaeleza sababu.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliyolowa maji ilimomonyoka. Mlima huo una urefu wa zaidi ya meta 3,400, na mji wa Katesh uko chini yake. Tope, mawe na magogo yalishuka Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, yakapita katika nyumba. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku zile wengi walikuja na kamera, na picha za tope zilienea dunia nzima. Zilifaa, maana watu wa mbali waliona, na msaada ukaja.

Sisi tulipata maombi ya namna nyingine. Nyumba zilipochukuliwa, yalichukuliwa na masanduku, na ndani ya masanduku mlikuwa na vyeti na picha. Watu waliofiwa walikuja, au walituma salamu kwa njia ya jamaa, wakiuliza: "Mliwahi kumpiga picha mama yetu?" Tukafungua daftari. Kwa wengine hatukuwa na kitu, nasi tuliona uchungu kuwajibu. Kwa nyumba saba tulikuwa nacho. Mmoja alikuwa mama ambaye watoto wake hawakubakiwa na sura yake hata moja. Katika picha yetu anapepeta maharage kwa ungo, anacheka, na kitambaa chake kimekaa upande. Tuliipiga kwa simu, miaka michache kabla, na ukiitazama sana utaona mkono wake umetikisika kidogo. Binti yake aliishika muda mrefu, kisha akasema, "Ndivyo alivyokuwa akicheka." Hakuna aliyetuuliza ilipigwa kwa kamera gani.

Basi, wazazi wenzetu, twawaomba mambo matatu. Mwaka huu chapisheni picha moja ya kila mtu wa nyumbani, na wazee muwatangulize. Nyuma yake andikeni jina kamili, mahali na mwaka, kwa kalamu ya risasi, maana wino huweza kupenya upande wa pili. Kisha nakala moja mpeni jamaa aishiye mbali, ili maji au moto wa mahali pamoja usimalize vyote. Nanyi walimu, kila mwisho wa mwaka simamisheni darasa lote mbele ya shule, mpige picha moja, na majina yaandikwe safu kwa safu. Kazi hiyo haizidi saa moja. Baada ya miaka hamsini mtu atakuja kuuliza habari za baba yake, na mtakuwa na la kumwonyesha.

Mkiisha kufanya hayo, mkaona bado mwahitaji kamera, tuandikieni tena, nasi tutawasaidia kuchagua.