Vyumba vitatu Addis Ababa

Juzi rafiki yangu mmoja, mwalimu wa chuo, kanipigia simu. Anapeleka wanafunzi Addis Ababa na amesikia kwamba mimi nilishawahi kufanya kazi hiyo. "Nipe mawili matatu, kaka." Nikacheka peke yangu. Ya kwenye simu yasingetosha, nikaona bora nikae niandike, na ninyi wengine msome.

Ilikuwa Novemba 2018. Wakati ule nilikuwa nafundisha kwa muda kwenye chuo kimoja cha uandishi wa habari Dar, nikakabidhiwa wanafunzi 11, wasichana sita na wavulana watano, niwapeleke wakaone makao makuu ya Umoja wa Afrika. Nilijiona ndiye mtu hasa wa kazi hiyo. Kwenye kikao na wazazi nilisimama nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba tunakokwenda ni Afrika, wasiwe na hofu. "Ni kama nyumbani tu." Naomba mlikumbuke neno hilo.

Tukatua Jumatatu ya tarehe 5, usiku. Baridi ya Addis, jamani! Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na vijana wangu wamevaa fulana kama wanakwenda Coco Beach. Tukafika gesti, mitaa ya Piassa. Mhudumu wa mapokezi akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. Hatumo.

Nikatoa karatasi niliyochapisha: tarehe 5 Novemba. Akaitwa mwenye gesti, mzee mmoja aliyejitanda shuka jeupe mabegani. Akapekua kurasa, akaweka kidole. Tumo, ila tumeandikwa tarehe 5 Hidar. Ukimwuliza Mwethiopia Hidar ni mwezi gani kwa Kiingereza, mara nyingi atakujibu Novemba. Kumbe Hidar huanza siku kadhaa baada ya Novemba yetu. Kalenda yao ina miezi 13, mwaka mpya wao huangukia Septemba 11, na usiku ule tuliosimama pale kwao ilikuwa tarehe 26 Tikimt, mwaka 2011. Hidar 5 ilikuwa ni Novemba 14. Tulikuwa tumewahi siku tisa. Ukihesabu kwa miaka, tulikuwa tumetokea miaka saba ijayo.

Sikuwa na wa kumgombeza. Yeye aliandika tarehe yake sawasawa, na mimi yangu sawasawa.

Vyumba vilivyokuwa wazi ni vitatu, tena kwa usiku ule tu. Wasichana wakachukua viwili, wavulana wakabanana kimoja. Mimi nikabaki kwenye kiti cha mapokezi, soksi za miguuni nimezivaa mikononi. Saa sita usiku simu ikaita. Baba wa binti mmoja wa Tanga. "Mwalimu, mmefika? Watoto wamelala wapi?" Nikamjibu: "Wamelala salama mzee, kila mtu na kitanda chake." Chumba cha bintiye kilikuwa na kitanda kimoja na wasichana watatu. Nilipokata simu nilijisikia vibaya kuliko baridi yenyewe. Mwandishi wa habari mzima, ninayewafundisha wenzangu kusema kweli!

Asubuhi mzee wa gesti akatupeleka kwa dada yake, mjane mwenye nyumba kubwa iliyobaki tupu baada ya watoto wake kuhamia ng'ambo. Huyu mama ndiye aliyetuokoa, na kwake ndiko yalikoanza mambo mengine.

Mchana ule alitupikia kuku, doro wat yao ile nyekundu yenye mayai ndani, juu ya injera, kwenye sinia moja kubwa. Wenzetu wa pwani sinia halikuwatisha. Tatizo lilikuwa kuku. Mama ni Mkristo wa Kiorthodoksi, na wanafunzi wangu wanne ni Waislamu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumweleza bila kumvunja heshima. Hata sikuyahitaji. Alipoona wanne hawanyooshi mikono, alielewa kabla sijafungua mdomo, akatuma mtoto mgahawa wa Waislamu mtaa wa pili awaletee chakula chao. Kwao hilo ni jambo la kila siku: kila upande huchinja wake na kula wake.

Aliyeshtuka baadaye ni yeye. Jioni vijana wote 11 wakatoka pamoja, wakala nyama kwenye mgahawa uleule. Mama aliposikia akanivuta pembeni. "Hawa wengine ni Wakristo kweli?" Nikamweleza kwamba kwetu, sehemu nyingi, mchinjaji huwa ni Mwislamu na wote tunanunua bucha moja. Akatikisa kichwa, haikumwingia. Na mimi nikajikuta najitapa kwamba sisi ni wamoja kuliko wao. Kijana wa Mwanza akanikatiza palepale: "Mwalimu, na Buseresere je?" Kweli. Mwaka 2013 kule Geita ugomvi wa nani achinje ulimalizikia kwenye kifo cha mchungaji. Nikanyamaza.

Jumatano ikafika. Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Mama akapika dengu, shiro na kabichi, akaweka sinia katikati. Mikono 12 ikaingia, na wake wa 13. Hakuna aliyeuliza nani kachinja. Akaanza kuwalisha mmoja mmoja kwa mkono wake, tonge kubwa hadi mdomoni, desturi yao wanayoiita gursha. Yule binti wa Tanga aliona haya, akafumba macho, akapokea. Tangu hapo vijana wakawa wananiuliza, "Mwalimu, Ijumaa bado?"

Alhamisi tulikuwa na miadi Umoja wa Afrika, saa tisa alasiri. Nilimwambia dereva kwa Kiingereza aje "at two". Akaja saa mbili asubuhi, hakutukuta, tumeshatoka kwa miguu kwenda makumbusho kumwona Lucy, akaondoka kwa hasira. Sasa angalieni kichekesho: Waethiopia wanahesabu saa kama sisi Waswahili, hesabu inaanza jua likichomoza. Laiti tungeelewana bila Kiingereza tusingekosana. Tulichukua teksi tatu, tukafika tumechelewa nusu saa. Jengo lenyewe ni refu na linang'aa, walijenga Wachina, likafunguliwa 2012. Vijana walipiga picha nyingi. Lakini kwenye ripoti zao, tisa kati ya 11 waliandika kuhusu sinia la mama.

Kwa hiyo, rafiki yangu, wakikuandikia tarehe, waombe waandike na siku ya wiki. Jumatatu ni Jumatatu kwa wote. Na beba sweta za ziada.

Tuliporudi Dar, yule mzee wa Tanga alikuwa pale uwanjani. Nilimfuata kabla hajanifuata, niungame. Akanipa mkono, akaushika muda mrefu kidogo.

"Binti kanisimulia yote," akasema. "Hivi mwalimu, soksi mikononi zinasaidia?"