Watu wa Nyuma ya Ngoma

Nkololo ni mahali katika wilaya ya Bariadi, katika nchi ya Wasukuma, na tangu mwaka 2012 wilaya hiyo imo katika mkoa wa Simiyu. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji. Hulima pamba, mahindi na mtama, na wakati wa mvua hawana nafasi ya michezo mingi. Lakini mavuno yakiisha, kuanzia mwezi wa Juni, njia hukauka na ghala huwa na chakula. Ndipo ngoma hulia kotekote Usukumani.

Ngoma ya Wasukuma si ya kujifurahisha tu, ni mashindano. Tangu zamani wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba vyama hivyo vilianzishwa na waganga wawili, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alitaka kumshinda mwenziwe. Na namna ya kushindana ni hii: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji ndio waamuzi, nao huamua kwa miguu yao. Kikundi kinachowapendeza hukisogelea. Kikundi kinachowachosha hukiacha. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Mashindano ya namna hii hayana huruma. Mwanafunzi akikosea hesabu, hujua kosa lake daftari litakaporudishwa. Lakini kikundi cha ngoma kikilegea hata kidogo, hapo hapo huwaona watu wakigeuza migongo na kuvuka upande wa pili. Ndiyo maana manju huimba kwa nguvu zake zote, na wachezaji hutoka jasho katika vumbi. Watu wote huwatazama wao. Walakini kuna wengine wasiotazamwa na mtu, na mara nyingi ushindi umo mikononi mwao.

Wa kwanza ni yule anayetunza moto. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya ngoma hupata unyevu wa usiku ikalegea, na ngoma iliyolegea huguna kama mtu aliyejifunika blanketi. Haina budi kuanikwa juani au kuoteshwa moto mpaka ngozi ikaze. Kazi hii hudhaniwa kuwa ya mtoto, lakini ina maarifa yake. Ngoma ikiwa mbali na moto, haikazi. Ikiwa karibu mno, ngozi hukauka kupita kiasi ikapasuka. Wahenga walisema kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka; mtunza moto ajua kwamba hata kabla ya kuvuma yaweza kupasuka, ikiachwa na mtu mzembe. Basi huigeuza, huigonga kwa kidole, husikiliza, kisha huigeuza tena.

Wa pili ni mtunza vyombo. Katika ngoma ya bugobogobo wachezaji hushika majembe, huyarusha na kuyazungusha wakifuata mapigo ya ngoma. Jembe lililolegea katika mpini wake laweza kuchomoka likampiga mtazamaji. Kwa hiyo kabla ya ngoma kuanza, lazima awepo mtu wa kushika kila jembe na kulitikisa. Kadhalika Bayeye, wanaocheza na nyoka, wanahitaji mtu wa kuangalia chombo cha nyoka hao. Asiyefunga kifuniko vizuri atawakimbiza watazamaji wote, wala hawatakimbilia upande anaoutaka yeye.

Mambo haya si ya Usukumani peke yake. Katika nyumba za michezo ya kuigiza, ambako wachezaji husimama jukwaani, nyuma ya pazia pana kundi zima la wafanyakazi. Wengine huangalia taa, wengine huvuta kamba za pazia, wengine hupanga viti na meza katika giza. Kazi hiyo hufundishwa kama elimu nyingine yoyote. Kule Bagamoyo, katika pwani ya Tanzania, chuo cha sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na huko vijana hujifunza kucheza na kuigiza, na tena kutengeneza jukwaa lenyewe.

Wafanyakazi wa nyuma ya pazia wana desturi zao. Huvaa nguo nyeusi ili wasionekane. Kila chombo cha mchezo, kama kikombe, barua au upanga, huwekwa juu ya meza mahali pake palipochorwa alama, nacho hurudishwa pale pale, hata mtu aweze kukipata gizani bila ya kupapasa. Na yuko msimamizi mmoja tu atoaye amri. Kwanza huwaambia wajiweke tayari; kisha husema neno la kutenda. Kati ya maneno hayo mawili hakuna atendaye jambo, ijapokuwa aona kwamba wakati umefika. Watu kumi wenye akili, kila mmoja akifuata saa yake, wataharibu mchezo ambao watu watano watiifu wangeufanya vizuri.

Katika nchi ya Japani, mchezo uitwao kabuki una watumishi waliovaa nyeusi mpaka usoni, ambao huingia jukwaani mbele ya macho ya watu, wakatoa hiki na kuleta kile. Watazamaji wamezoea kuwahesabu kana kwamba hawapo. Nao watumishi hawaoni haya kuhesabiwa hivyo, maana hiyo ndiyo heshima ya kazi yao.

Na kazi hiyo ikiharibika, hasara yake si ndogo. Mwaka 1613 katika mji wa London, nyumba ya michezo iliyoitwa Globe ilikuwa ikionyesha mchezo wa Shakespeare juu ya mfalme Henry wa Nane. Katika mchezo ule ilitakiwa mizinga ipigwe ili kumpa mfalme salamu. Mzinga ulipopigwa, cheche iliruka ikashika nyasi za paa. Watazamaji walikuwa wakitazama jukwaa, hawakuujali moshi. Kwa muda mfupi nyumba yote ikateketea. Wachezaji hawakuwa wamekosa neno lo lote katika maneno yao.

Ni nini basi kinachomfanya mtu kuwa mfanyakazi mwema wa nyuma? Nguvu hazitoshi, wala akili hazitoshi. Jaribu lake kubwa ni kutaka kutazama. Mtunza moto asikia vigelegele, asikia kicheko cha umati, na shingo yake yataka kugeuka. Akiondoka kidogo tu kwenda kuchungulia, hapo ndipo ngozi huungua. Jaribu la pili ni wivu. Huona manju akisifiwa na kutunzwa, naye mwenyewe macho yamemwiva kwa moshi, na moyo wake husema, "Mimi nimepata nini?" Mwenye kusema hivyo huanza kufanya kazi nusu nusu. Lakini mwenye hekima hujibu moyo wake hivi: umati haukuvuka upande wa pili. Jibu hilo ndilo ujira wake wa kwanza, nao haunyang'anywi na mtu.

Shule nyingi siku hizi huandaa ngoma, nyimbo na michezo ya kuigiza kwa siku za sherehe, na kila mtoto hutaka kuwa mfalme katika mchezo. Mfalme ni mmoja tu. Watakiwa pia mtu wa kushika kiti cha mfalme, mtu wa kuhesabu njuga kabla ya kuvaliwa, na mtu wa kusimama karibu na mlango akiwaita wachezaji kila mmoja kwa wakati wake. Ewe mwanafunzi, ukipewa kazi kama hiyo, usiipokee kwa uso uliokunjamana. Fika mapema kuliko wachezaji. Jua mahali pa kila kitu. Nyamaza, na ungoje neno la msimamizi. Na watu wote watakapokwenda zao wakiimba njiani, wewe baki kidogo: hesabu njuga tena, funika ngoma umande usizipate, na mwagia moto maji mpaka jivu lipoe.