Kijiji cha Schengen na Siku 30 za Mwalimu

Kwa miaka mingi tumelisikia jina la Schengen likitajwa kwetu, Dar es Salaam na Nairobi na hata huko milimani, na kila alitajaye hulitaja kama mtu atajaye mtihani. "Fulani amepata Schengen." "Fulani amenyimwa Schengen." Wala hatukumsikia mtu akiuliza, Schengen yenyewe ni nini? Basi sisi tuliokwenda huko mwezi wa Septemba 2025 twapenda kuwaarifu ya kwamba Schengen ni kijiji, tena kijiji kidogo, chenye mizabibu.

Kiko ukingoni mwa mto Mosel, katika pembe ya kusini-mashariki ya nchi ya Luxembourg. Ukisimama kando ya maji, ng'ambo waiona Ujerumani, na mji mdogo uitwao Perl. Ukigeuza uso upande wa kusini, hapo karibu ni Ufaransa, na kijiji cha Apach. Nchi hizo tatu hukutana mtoni. Vilima vimepandwa mizabibu kwa safu zilizonyoka kama mistari ya daftari, na siku zile watu walikuwa wakivuna. Ipo na ngome ya zamani, yenye mnara ambao Victor Hugo, mwandishi mashuhuri wa Kifaransa, aliuchora kwa mkono wake mwaka 1871.

Mto ule una jambo la ajabu. Kwa mapatano yaliyofanywa mwaka 1816, maji yale si ya Luxembourg peke yake, wala si ya Ujerumani peke yake; ni mali ya nchi zote mbili, kama kisima kitumiwacho na vijiji viwili. Juu ya maji hayo, tarehe 14 Juni 1985, wajumbe wa Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani ya Magharibi walikutana ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, wakatia sahihi mapatano ya kuondoa ukaguzi wa watu katika mipaka iliyo baina yao. Mapatano yalianza kutumika kwa vitendo tarehe 26 Machi 1995, katika nchi saba. Leo nchi zilizomo ni 29. Na meli ile, baada ya kuhama mikono, imerudishwa kijijini mwaka huo wa 2025, ilipotimia miaka 40, watu waitazame.

Sasa tuwasimulie habari za Mwalimu. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa hapendi kusemwa magazetini. Ni mtu wa Same, amefundisha hesabu miaka 38, na bintiye ameolewa katika mji wa Trier, safari fupi kwa gari la moshi kutoka Perl. Binti alipojifungua mtoto wa kwanza, Mwalimu aliomba viza ya kwenda kumwona mjukuu, akapewa siku 30. Sisi tulikuwa wenzake wa safari.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo wengi huliona jepesi, kisha likawashika. Karatasi ya viza ibandikwayo katika pasipoti ina hesabu mbili. Ya kwanza ni tarehe ya mwanzo na tarehe ya mwisho. Ya pili ni idadi ya siku za kukaa. Mara nyingi tarehe hizo mbili huacha nafasi kubwa kuliko siku zenyewe, ili mtu akicheleweshwa safari asiharibikiwe. Basi msafiri huitazama tarehe ya mwisho, akafurahi, kumbe siku zake zimekwisha tangu juzi. Tena siku ya kuingia huhesabiwa, na siku ya kutoka huhesabiwa, hata kama umefika usiku wa manane. Mwalimu hakuhitaji kuambiwa hayo. Tuliposhuka Frankfurt siku ya Jumanne, tarehe 2 Septemba, alitoa daftari mfukoni mwa koti, akaandika 1 kwa penseli, na kando yake akabandika kipande cha kadi aliyopandia ndege. Kila jioni aliongeza tarakimu moja. Sisi tulimcheka kidogo.

Siku ya 17, tukiwa katika gari la moshi baina ya Koblenz na Trier, mkoba wake uliibiwa. Mlikuwa na pasipoti, na miwani, na barua ya mkewe. Tulikwenda kituo cha polisi, na kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, walakini aliuliza neno moja zito: "Una hati gani ya kuonyesha ya kuwa wewe ndiwe mtu huyo?" Mwalimu akajibu kwa Kiswahili, "Nimefundisha miaka 38. Wote wananijua." Bintiye, aliyekuwa mkalimani, alinyamaza kitambo, kisha akamwambia yule kijana ya kuwa hana hati. Tulipewa karatasi ya kushuhudia wizi, yenye muhuri, na hiyo ndiyo ikawa jina la Mwalimu kwa siku kadha wa kadha.

Yatupasa kusema ya kuwa kupotewa na pasipoti ugenini si hasara moja, bali ni tatu. Kwanza kitabu chenyewe. Pili viza, kwa maana imebandikwa humo. Tatu ni muhuri wa kuingia, na huo ndio uliotutia hofu kuliko yote. Viza ya Mwalimu iliweza kuonekana katika mashine, kwa kuwa tangu mwaka 2011 nchi hizo zina hazina ya pamoja ya viza, yenye sura na alama za vidole vya waombaji. Lakini siku aliyoingia haikuandikwa humo. Iliandikwa kwa wino wa muhuri tu. Asiye na muhuri atasema nini akiambiwa amekaa miezi mitatu? Utaratibu mpya wa kuandika maingilio na matokeo kwa mashine, badala ya mihuri, ulianza tarehe 12 Oktoba 2025. Kwa Mwalimu ulichelewa. Alichokuwa nacho ni kile kipande cha kadi ya ndege, ambacho kilinusurika kwa kuwa daftari lilikuwa kotini wala si mkobani. Tangu hapo hatukumcheka tena.

Nyumbani, Same, mkewe alifungua kasha la mbao akatoa cheti cha kuzaliwa na nakala ya pasipoti, na mjukuu mmoja akazipiga picha kwa simu akazituma usiku uleule. Tulipeleka habari ubalozini kwetu, Berlin, tukaambiwa tufike Jumanne na picha, na karatasi ya polisi, na ushahidi wa uraia.

Ilikuwa katika kungoja huko, Jumapili ya tarehe 21, ndipo Mwalimu aliposema, "Nipelekeni nikakione kijiji hiki kinachohesabu siku zangu." Tukapanda gari la moshi, tukafuata mto, tukashuka Perl. Daraja la kwenda Schengen liko karibu na stesheni. Watoto walikuwa wakipita juu yake kwa baiskeli, wamefunga mikate nyuma, nchi moja hata nchi nyingine, wala hawakugeuza shingo. Walakini tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani ilikuwa imerudisha ukaguzi katika mipaka yake yote ya nchi kavu, na askari waweza kumsimamisha aingiaye. Kwenda hakuna ambaye angemzuia Mwalimu. Kurudi ndiko kulikokuwa na shaka, maana angerudi na karatasi ya wizi tu. Bintiye alimwambia, "Baba, twende, hawatatuuliza." Mwalimu akalitazama daraja. "Wakiuliza je?" Akaketi juu ya benchi upande wa Perl.

Sisi tulivuka. Tuliona nguzo ndefu za chuma zenye nyota za nchi zilizomo katika mapatano, tukaona na vipande vya ukuta wa Berlin vilivyosimamishwa pale kama ukumbusho. Hatukukaa sana. Kila tulipogeuka tulimwona ng'ambo, mzee mwenye koti jeusi, amekunja mikono. Tulipomrudia aliuliza nyota ni ngapi, nasi hatukuwa tumezihesabu. Hilo lilimuudhi kuliko jambo lolote la siku ile.

Safari ya Berlin tutaipita upesi: ni mwendo wa siku nzima garini. Ubalozini walipokea karatasi zetu, wakaahidi jibu, na ahadi hawakuivunja. Wakati huohuo afisi ya wageni ya Ujerumani ilitueleza ya kuwa viza yaweza kuongezwa kwa mtu aliyezuiwa na jambo lisilo katika uwezo wake, wala hatozwi ada, ila sharti aombe kabla siku hazijakwisha. Akiomba baada ya hapo, huyo amekwisha kuvunja sheria. Tukaandika barua ya maombi, tukaiweka tayari.

Hati ya dharura ilitoka Jumatatu tarehe 29, siku ya 28 katika daftari. Ni hati ya kumrudisha mtu kwao tu. Tena si kila kampuni ya ndege, wala si kila nchi ya kupitia, huikubali. Ikabidi kuuliza kwanza, na kwa ajili ya kuuliza huko tiketi ikasogezwa kutoka tarehe 30 Septemba hata tarehe 1 Oktoba, yaani siku ya 30, siku ya mwisho kabisa. Barua ya kuomba nyongeza ilikuwa mkononi mwa bintiye hadi uwanja wa ndege wa Frankfurt. Ofisa wa mpakani aliitazama hati, akaweka vidole vya Mwalimu juu ya mashine, akaitwa mwenzake, wakalifungua lile daftari la hesabu wakasoma tarakimu zote, moja hata 30. Sisi tulisimama mbali tukiwatazama kwa muda upatao dakika 40. Kisha tulimwona Mwalimu akirudishiwa daftari lake, akapita, wala hakugeuka nyuma.

Majuma mawili baadaye mkoba ulionekana kichakani kando ya reli. Pasipoti ilikuwamo, haina hata doa. Lakini pasipoti ikiisha kutangazwa kuwa imepotea hufutwa, na namba yake huweza kuingizwa katika orodha ya Interpol. Mwenyewe akiisafiria tena atashikwa kama mwizi wa hati yake. Bintiye aliipeleka ubalozini, na Mwalimu huko Same akalipa shilingi 150,000 za pasipoti mpya. Barua ya mkewe nayo ilipatikana, imelowa. Miwani haikuonekana.