Chunjua za Mtoto, Lawama kwa Dada wa Kazi

Ilianza na kinundu kimoja kigumu pembeni ya kucha ya mtoto wa miaka 6. Mama mtu, dada wa mjini anayekaa Tabata, akadhani ni mwiba. Wiki chache tu vikawa vinne, kisha kimoja kikaibukia kwenye mdomo wa chini, maana huyo mtoto kula kucha ndiyo starehe yake.

Chunjua hizo, wengine wanaziita masundosundo. Basi bwana, akaanza kutafutwa mchawi humo ndani, na lawama za nyumba huwa tunajua zinaangukia wapi. "Wewe ndiye unayemwogesha. Umetuletea nini hapa?" Dada wa kazi akanyoosha mikono, safi kabisa. "Dada, mimi sina hata kimoja." Haikusaidia. Jumamosi alipanda basi la Singida na begi lake moja na nusu mshahara.

Jirani akashauri maji ya betri! Bahati nzuri mama aliogopa, akampeleka mtoto kwa daktari wa ngozi. Daktari akauliza nani mwingine nyumbani ana kitu kama hiki, hata mguuni. Mama akajibu hakuna. Baba mtu, aliyewaleta na gari, akakohoa.

Yaani jamaa alikuwa na "sugu" kisiginoni tangu mwaka jana. Daktari akaikwangua kidogo, vikatokea vidoa vidogo vyeusi. Chunjua. Na kila jioni alikuwa anaisugua na jiwe la miguu la bafuni, jiwe hilohilo la familia nzima. Taulo ya mikono moja, kifaa cha kukatia kucha kimoja. Kirusi cha HPV hupenya kwenye ngozi iliyochubuka au iliyolowana, na kinaweza kukaa miezi kadhaa bila dalili, kwa hiyo kuapa kwamba fulani ndiye kaleta ni kujisumbua. (Kabla hamjaanza kutazamana vibaya: aina zake ni zaidi ya 100, na hizi za mikononi sio zile za saratani ya mlango wa kizazi.)

Dawa yenyewe haina maajabu, ni ya kupaka, yenye asidi ya salisiliki. Unaloweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 5, unasugua taratibu, unapaka, kila siku, hata wiki 12. Uvivu ndio unaowaangusha wengi. Ya mdomoni iliachwa, dawa hiyo haipakwi usoni. Zikigoma, hospitali zingine huzigandisha kwa baridi kali, ila za watoto nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka 2. Halafu kuna mtu anazikata na wembe!

Jiwe likatupwa, kila mtu akapata taulo yake. Mama akatuma Singida ile nusu iliyobaki, na meseji ndefu ya msamaha. Binti akajibu: "Asante dada. Mtoto anaendeleaje?"

Alipoulizwa kama atarudi, tiki za bluu. Hadi leo kimya.