Dhahabu ya Kilwa na Likizo ya Machi

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja alibisha hodi ofisini akiwa na barua mkononi. Alikuwa amekubaliwa kuhudhuria kozi ya wiki tatu katika mji wa kusini mwa Ulaya. Nauli imelipwa na waandaaji, na malazi yamekwisha kupatikana. Barua ile ilikuwa ya kumnyima viza. Katika orodha ya sababu zilizochapwa tayari, alama ilitiwa kwenye ile isemayo kwamba ipo shaka iwapo mwombaji ataondoka muda wake utakapokwisha.

"Mwalimu," aliniuliza, "hivi nimekosa nini?"

Kwa lugha yetu swali hilo lina maana mbili: kosa langu ni lipi, na kilichonipita ni kipi. La kwanza nililijibu pale pale: hukukosa lolote. La pili nilishindwa kulijibu kwa dakika tano za ofisini, ndiyo maana naliandikia hapa.

Miaka mingi iliyopita nami nilikuwa mwanafunzi, huko Ujerumani. Nilifika Oktoba, na hadi Februari nilikuwa nimesahau rangi ya anga. Mwezi Machi, baina ya mihula, wenzangu walifunga mabegi kwenda kusini kuota jua. Mtu aliyekulia Kilwa Masoko, ambako kitafutwacho mchana ni kivuli, huona ajabu kusikia watu wakilipa nauli kulifuata jua. Baada ya miezi mitano ya baridi sikuona ajabu tena. Nilikusanya akiba yangu nikaondoka nao. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Kadi yangu ya ukaazi ilitosha kunipitisha Hispania na Ureno bila viza nyingine.

Barcelona tulilala hosteli, watu wanane chumba kimoja, na mchana kutwa tulikuwa ufukweni. Sevilla ilinigusa zaidi. Barabara zake zimepandwa michungwa, na mwezi huo ilikuwa katika maua. Mji mzima ulinukia. Nilichuma tunda moja, nikalimenya, nikalitema. Lilikuwa danzi! Marehemu bibi yangu angecheka. Kando ya kanisa kuu unasimama mnara wa Giralda, ambao hadi karne ya 13 ulikuwa mnara wa msikiti, na sasa hupigwa kengele juu yake. Nilikaa chini yake nikijihisi mwenye bahati, kijana anayeona dunia.

Wenzangu walipogeuza kurudi, mimi nilipanda basi la usiku kwenda Lisbon. Tuliuvuka mto Guadiana, ambao ni mpaka wa nchi mbili, abiria wengi wakiwa usingizini. Hakuna aliyetuamsha kutuuliza tuendako.

Asubuhi, mbele ya majengo ya ibada, nilisoma neno *igreja*, yaani kanisa. Nilisimama. Ng'ambo ya maji kutoka kwetu, Kilwa Kisiwani, ipo ngome kuukuu iitwayo Gereza, na wataalamu wa lugha hulinasibisha neno letu hilo na neno lile la Kireno. Wao waliacha kanisa, sisi tukapokea jela. Siku hiyo hiyo nilikwenda Belém, nikaingia katika kanisa la Jerónimos, nikaliona kaburi la Vasco da Gama, limechongwa kwa jiwe jeupe, watalii wakipiga picha. Shuleni nilimjua kwa jibu la mtihani: mgunduzi wa njia ya baharini ya kwenda India. Nilipata alama zote.

Siku ya mwisho niliingia Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Ndani ya kioo kilikuwamo chombo cha dhahabu kilichonakshiwa rangi, kirefu kama mkono wa mtu mzima: monstransi, ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili iabudiwe. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka. Kwenye kitako yamezungushwa maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi ilikwisha mwaka 1506.

Kodi hiyo ilikuwa ya namna gani? Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake, Ibrahim, kukubali utii na kulipa dhahabu, la sivyo mji ungepigwa. Ibrahim akalipa. Miaka mitatu baadaye kikosi cha Francisco de Almeida kiliuvamia na kuupora mji huo huo. Kulipa hakukuuokoa.

Mlinzi wa chumba, mzee wa makamo, aliona nimesimama muda mrefu. Akaniuliza kwa Kiingereza cha kubabaisha ninatoka wapi. Nilionyesha neno lile kwenye maelezo: Kilwa. Alivaa miwani, akalisoma, akanitazama. Kisha akauliza kama mji huo bado upo.

Nilimjibu kwamba upo, na kwamba watu wake huvua samaki. Sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimevuka kwa jahazi mara ngapi kwenda kisiwani, nikachezea katika kuta za Husuni Kubwa, nami sikuwa na maneno ya kumweleza mgeni hata robo saa. Aibu ile ndiyo iliyonifanya kuwa mwalimu wa somo hili.

Nisieleweke vibaya. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikapitia Sofala, na masultani wetu nao waliitoza ushuru kabla ya Mreno kuwatoza wao. Waliochimba hatuwajui majina. Historia haimwachi mtu akae upande wa haki peke yake.

Hata hivyo, kila mwaka huwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni nani amefika Kilwa Kisiwani, mahali palipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Mikono inayonyooshwa haijazi vidole vyangu. Huko hakuna viza. Kuna nauli ya basi na ya mashua.

Basi, binti yangu, kilichokupita ni hiki: jua la Machi, harufu ya maua ya mdanzi, na kioo ambacho nyuma yake kimo kitu kilichotoka pwani yako. Ulistahili kukiona, na nitakuandikia barua ya kukata rufaa leo hii. Wanatilia shaka kama utarudi. Dhahabu ile imekwenda zaidi ya miaka 500, na hakuna aliyeiuliza itarudi lini.

Tukisubiri jibu lao, mwezi ujao nawapeleka Kilwa wote watakaojiandikisha. Jina lako nimeliweka la kwanza. Siku moja mlinzi mwingine atakuuliza kama mji huo bado upo, nami nataka uwe na majibu.