Ukipotea Nyandarua, fuata lori la majani chai

Familia nyingi za Nairobi zikitaka kutoka nje ya jiji kwa siku moja huelekea Naivasha au Nakuru, zikasimama kidogo pale juu ya Bonde la Ufa kununua viazi na kupigwa picha, kisha zikarudi. Ni safari nzuri. Lakini msomaji, kama watoto wako wamekwisha kuichoka njia hiyo, wageuzie upande wa pili wa milima ile ile. Wapeleke kupitia Thika hadi Ndakaini, chini ya msitu wa Nyandarua, wakaone mahali maji yao ya kuogea yanakotoka.

Kwenda huko hakuna shida yoyote. Barabara kuu ya Thika, ambayo tangu mwaka wa 2012 ni pana sana, itakufikisha mjini Thika kabla watoto hawajaanza kuuliza tumebakisha nini. Kutoka hapo unaelekea magharibi ukipanda. Thika iko kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na bwawa la Ndakaini liko zaidi ya mita 2,000, kwa hivyo hata masikio yataziba kidogo njiani. Waambie watoto watazame mashamba. Karibu na Thika kuna mananasi. Ukipanda kidogo unaingia kwenye kahawa, ile mikahawa ya kijani kibichi iliyopandwa kwa mistari chini ya migrevilea ya hapa na pale. Halafu, pasipo kibao chochote cha kukuarifu, kahawa inakwisha na majani chai yanaanza. Hewa inakuwa ya baridi na mtu anaomba sweta yake.

Bwawa lenyewe lilikamilika mwaka wa 1994. Ukuta wake ni wa udongo ulioshindiliwa, si wa saruji kama wengi wanavyodhani, na nyuma yake kunaweza kuhifadhiwa kama mita milioni 70 za ujazo za maji. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu ndiyo huyaleta kutoka msituni. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka hapa, na kwa mtoto wa Umoja au wa Lang'ata aliyezoea kuona mama akijaza mitungi siku ya mgao, kusimama mbele ya maji mengi kiasi hicho ni jambo la kumfanya anyamaze.

Shida huanza wakati wa kurudi. Chakula kimeliwa, jua bado liko juu, na baba anasema kwamba haifai kurudi kwa njia ile ile. Kwa nini tusikate hapa tutokee Kandara, kisha tuingie barabara kuu pale Kenol? Ukitazama ramani si mbali hata kidogo. Ni kweli, si mbali. Kunguru angefika kwa dakika chache.

Ili uelewe kwa nini gari halifiki kama kunguru, weka mkono wako juu ya meza, vidole vikiwa vimetanuka. Kiganja ni mlima. Vidole ni migongo inayoshuka kutoka mlimani kuelekea mashariki. Nafasi zilizo katikati ya vidole ni mabonde, na katika kila bonde kuna mto: Chania, Kimakia, Thika, na mingineyo mingi hadi ufike Maragua na Mathioya kule mbele, yote ikielekea kumwagika katika Mto Tana. Barabara hufuata kidole. Hupita juu ya mgongo, mahali palipo pakavu, kutoka kwenye lami hadi ukingoni mwa msitu, na hapo huishia. Kutoka kidole kimoja hadi kingine ni lazima ushuke hadi mtoni na kupanda tena, na barabara za lami zinazofanya hivyo ni chache. Nyingine zote ni za udongo mwekundu. Zikiwa kavu hupitika. Zikinyeshewa hata mvua ya robo saa huwa kama zimepakwa sabuni.

Mpango huu ni wa tangu zamani. Kwa Wakikuyu mgongo, au rũgongo kama wanavyouita, ulikuwa ndio nchi ya mtu. Mbari moja ilikaa kwenye mgongo wake, na mto ndio uliokuwa mpaka. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya mwaka wa 1952. Kuanzia mwaka wa 1954 serikali ya kikoloni iliwatoa watu kwenye boma zao zilizotawanyika ikawakusanya kwa nguvu katika vijiji vyenye ulinzi, zaidi ya watu milioni moja katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Vijiji vingi vilijengwa juu ya migongo, na baadhi yavyo ndivyo leo masoko madogo unayopita yenye duka la dawa, kinyozi na hoteli ya chai na mandazi. Wakati huo huo mashamba yalipimwa upya na kuunganishwa. Kila mtu akapewa kipande chembamba kinachoanzia barabarani juu na kuteremka hadi mtoni. Ndiyo maana ukiwa garini unaona lango baada ya lango, kila moja na kijia chake kinachoshuka, na vyote vinafanana. Kijia cha nyumbani kwa mtu na barabara ya kwenda mgongo wa pili havina tofauti machoni pa mgeni.

Wala usitegemee sana ramani ya simu. Ramani huona mstari. Haioni mteremko wala utelezi, na haijui kama daraja lililo chini ni la magari au ni magogo mawili ya kuvukia wachuma majani chai. Isitoshe, ukishuka bondeni mtandao nao mara nyingi hupotea, na yule mama wa ndani ya simu aliyekuwa akikuamuru pinda kulia, pinda kushoto, ananyamaza wakati unapomhitaji zaidi.

Julai moja nilikuwa abiria katika gari la rafiki yangu, gari dogo la saluni. Nyuma tulikuwa mimi, watoto wake wawili wa shule ya msingi na mkoba wa vyombo. Mbele alikaa mkewe, amempakata kitinda mimba wao wa miezi minane. Ilikuwa Jumamosi, yapata saa kumi jioni. Tulikuwa tumeacha lami kwa zaidi ya nusu saa tukitafuta njia ya Kandara. Ukungu ulikuwa umeshuka hivi kwamba taa ziliangaza weupe mtupu. Tulimpata mama mmoja barabarani, kikapu cha majani chai mgongoni, na rafiki yangu akashusha kioo.

"Habari ya jioni, mama. Barabara hii inaenda Kandara?"

"Eeh, inaenda."

"Ni mbali?"

"La, ni hapo tu."

Hakutudanganya. Yeye alikuwa akienda kwa miguu, na kwa miguu ilikuwa ni hapo tu. Sisi tuliendelea, barabara ikawa nyembamba, majani chai yakawa yanagusa milango pande zote mbili, na mara tukahisi matairi ya nyuma yakiteleza kuelekea ukingoni. Gari lilisimama likiwa limekaa upande. Hakuna aliyesema neno. Mama mtoto alifungua mlango taratibu, akashuka na mtoto wake, akawaita wale wawili nao washuke, akasimama nao kando ya barabara ndani ya ile manyunyu huku amewafunika kwa kitambaa tulichokuwa tumekilia chakula. Bonde hatukuliona kwa ajili ya ukungu. Tulisikia tu mto, mbali sana chini.

Hapo ndipo alipotokea mzee mmoja, koti refu na buti za mpira, akitoka kukata nyasi za ng'ombe. Safari hii mkewe ndiye aliyeuliza, na aliuliza vizuri zaidi.

"Mzee, tunaomba usaidizi wako. Barabara hii inaenda wapi?"

"Hii? Inaenda mtoni."

"Na baada ya mto?"

"Baada ya mto mtarudi," mzee akasema, bila kucheka. Kisha akaweka nyasi zake chini, akaenda nyuma ya gari, akakanyaga tope kuona ugumu wake. "Rudini nyuma polepole mpaka pale kwa kununulia majani. Lori haijapita. Mkiiona, fuateni hiyo."

Kurudi nyuma mwendo wa kama mita mia tatu kulituchukua karibu saa nzima. Mzee alitangulia akiweka mawe na matawi chini ya matairi, nasi tukisukuma. Kituo tulikikuta kimejaa watu wakipimiwa majani yao, na kina mama wakamchukua mtoto mchanga wakamkalisha ndani, mahali pakavu. Lori lilikuja saa moja usiku. Tulilifuata taa zake nyekundu kama kondoo, na saa mbili kasorobo tulikuwa kwenye lango la kiwanda, na mbele ya lango palikuwa na lami.

Tangu siku hiyo nimewasikia watu wengi wa huko wakitoa shauri lile lile, na lina sababu yake. Majani chai yakishachumwa hayangoji. Yakilundikana muda mrefu hupata moto na kuharibika, kwa hivyo ni lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo lori hupita kila palipo na kituo, na barabara lori linayopita ndiyo ambayo wakulima hupigania itengenezwe kabla ya nyingine zote. Lori la majani likipita, gari lako nalo litapita. Lakini tazama kwanza limebeba nini. Likiwa limejaa magunia, linaelekea kiwandani, basi lifuate. Likiwa tupu, ndio kwanza linaenda vituoni, na ukilifuata utazungushwa migongo mitatu kabla ya kuona lami. Na siku ya Jumapili usilitegemee kabisa. Siku hiyo tafuta matatu inayowarudisha watu kutoka kanisani.

Jinsi ya kuuliza njia ni jambo jingine. Ukimwuliza mtu "Hii inaenda Kandara?" umemwekea jibu mdomoni, naye kwa adabu zake hataki kumkatisha mgeni tamaa. Mwulize barabara inaenda wapi, kisha mwulize kama matatu hupita hapo. Matatu ikipita, nawe utapita. Kama anasema watu hupita, geuza gari. Uliza watu wawili, na mmoja wao awe mwendeshaji wa bodaboda, maana yeye anajua hali ya daraja ilivyokuwa asubuhi hiyo. Salimu kwanza, zima redio na ushuke garini kama ni mzee. Wanaoulizia kupitia dirishani huku injini ikinguruma hujibiwa kwa kuoneshwa kidole tu.

Nayo mashamba yale uliyowaonesha watoto wakati wa kwenda yatakusaidia wakati wa kurudi. Ukiona kahawa ujue umeshuka na lami haiko mbali. Ukiona majani chai tu pande zote, bado uko juu. Ukifika mahali ambapo majani chai yamekuwa kama mshipi mmoja mrefu usio na nyumba hata moja, na nyuma yake ni miti mikubwa na mianzi, hapo ni mwisho. Mshipi huo ni wa Nyayo, ulioanza kupandwa mwaka wa 1986 ili watu wasiukate msitu, na katika sehemu nyingi karibu na hapo utakuta pia ua wa umeme wa kuzuia ndovu, ule wa karibu kilomita 400 uliokamilishwa mwaka wa 2009. Hakuna Kandara mbele yake. Geuka, ufuate mgongo huo huo kuteremka. Usijaribu kuvuka. Migongo yote ya upande huu hushuka kuelekea nchi ya Thika na Kenol, na ukikubali kuzunguka utafika, ijapokuwa umechelewa.

Kuna jambo moja ambalo watu wa jijini hulisahau, nalo ni jua. Upande huu wa Nyandarua milima iko magharibi. Jua halingoji saa kumi na mbili na nusu kama Nairobi. Huzama nyuma ya milima mapema, na bonde huwa giza wakati mgongo bado una mwanga. Kwa hivyo saa tisa na nusu iwe ndiyo saa yako ya kuondoka bwawani, hata watoto wakilia. Beba sweta zaidi ya unazodhani unahitaji, tochi, kamba ya kuvutia gari, na chakula kidogo ambacho hutakigusa mchana. Petroli ijaze Thika.

Kama unaweza kuchagua, nenda Januari au Februari, udongo ukiwa mkavu na ukungu haupo. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, utauona Mlima Kenya upande wa kaskazini mashariki na kilele chake cheupe. Simamisha gari kwenye mgongo wowote. Watoto watataka kujua kama kule nako kuna barabara.